Soda ni ghali kuliko petroli, sasa mbona ya petroli ndiyo inayouma?

Kila bei ya mafuta inapopanda, hakosekani mtu wa kutuliza wenzake kwa hesabu. Mnalalamika nini, atasema, wakati lita ya petroli bado ni nafuu kuliko lita ya soda? Akimaliza soda anaingia kwenye juisi, kisha dawa ya kikohozi, kisha manukato, na mwisho kabisa wino wa printa, ambao ndio humaliza ubishi. Ukitoka hapo unajiona mjinga kwa kunung'unika.

Hesabu hiyo nimeifanya mwenyewe mara nyingi, na mara nyingi iko sawa. Ninachogombana nacho ni lita.

Tuseme lita ya petroli ni 100, kwa fedha yoyote unayotumia. Chupa ya soda ya mililita 300 inauzwa 50. Kwa jicho la kawaida soda ni nusu ya bei ya petroli. Lakini lita moja ina chupa tatu na theluthi za namna hiyo, kwa hiyo lita ya soda ni karibu 167. Katriji ya printa yenye mililita 10 ikiuzwa 2,000, lita ya wino inafika 200,000, yaani mara elfu mbili ya petroli. Hapo watu hushika vichwa.

Ila nani ana shida ya lita ya wino? Katriji moja humtosha mtu wa matumizi madogo miezi kadhaa. Petroli nayo, mwenye gari anayejaza lita 40 kwa wiki analipa 4,000. Ili soda imtoboe mfuko kiasi hichohicho, inabidi anywe chupa 80 kwa wiki, kumi na moja na ushee kila siku ya Mungu. Mwili ungegoma kabla ya pochi. Bei ya lita haisemi chochote kuhusu lita ngapi utazihitaji, na hilo la pili ndilo linaloamua nani analala njaa.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na kibaba ni kipimo. Vinavyouzwa kwa kipimo kidogo huonekana rahisi hadi umimine vyote pamoja. Petroli haina bahati hiyo, maana inauzwa kwa ndoo na ndoo, mbele ya macho yako, na tarakimu za fedha pale kwenye pampu zikikimbia kuliko tarakimu za lita.

Kwanza tuone unacholipia. Chukua chupa ya maji ya nusu lita na uitazame vizuri. Maji yaliyomo ni kitu cha bei ndogo mno. Unalipia chupa na kifuniko, lebo, mashine ya kuchuja, lori, kijana aliyeshusha katoni begani, umeme wa friji inayounguruma kutwa kucha, kodi ya pango ya duka, tangazo lililokufanya uijue chapa hiyo, na faida ya kila mkono iliopitia. Maji yenyewe ni kama mwalikwa wa harusi aliyekaa nyuma: sherehe ni yake pia, lakini gharama si zake. Kwenye soda utaongeza sukari, gesi na ladha, na bado vyote hivyo havifikii gharama ya kukufikishia ikiwa baridi, mahali ulipo, saa uliyoshikwa na kiu.

Petroli haina lebo. Haipozwi. Haipangwi rafuni na mtu. Imelala chini ya ardhi kwenye tangi la kituo, inavutwa na pampu, na chombo cha kuibebea umekuja nacho mwenyewe: tangi la gari lako. Ni kama ungeenda dukani na pipa, ukaambiwa likinge chini ya bomba la soda. Ukitaka kujua petroli ingekuwa na bei gani kama ingeuzwa kwa adabu za soda, tafuta kile kikopo kidogo cha mafuta ya kujazia kiberiti cha chuma. Yaliyomo ni ndugu wa karibu wa petroli, yametoka kwenye pipa lilelile la mafuta ghafi. Piga hesabu ya lita yake uone.

Ukitaka kwenda upande wa pili, linganisha jumla kwa jumla. Maji ya bomba huuzwa kwa uniti, na uniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000. Weka bei ya uniti moja ya maji pembeni ya bei ya lita 1,000 za petroli, na hadithi ya kuwa maji ni ghali kuliko mafuta inakufa papo hapo. Kwa hiyo yule mwenye orodha yake alikuwa analinganisha rejareja ya kwenye friji na jumla ya kwenye bomba.

Na hiyo jumla ni jumla kwelikweli. Meli kubwa za mafuta ghafi hubeba mapipa milioni 2 kwa safari moja. Pipa la mafuta ni lita 159, kwa hiyo meli moja ina lita milioni 318 hivi. Mabaharia wake ni watu kama 25. Gawanya: kila baharia anasafirisha zaidi ya lita milioni 12 kwa mkupuo. Dereva wa lori la soda angehitaji mamia ya safari kufikisha kiasi hicho. Ndiyo maana nauli ya bahari, hata mafuta yakizunguka nusu ya dunia, huwa sehemu ndogo ya bei ya lita.

Hilo pipa lenyewe lina kisa kinachonifurahisha. Mafuta yalipoanza kuchimbwa kibiashara Pennsylvania, Marekani, baada ya kisima cha Edwin Drake kule Titusville mwaka 1859, hapakuwa na vyombo vya kuyabebea. Watu wakachukua mapipa yoyote waliyoyapata, ya wiski yakiwemo. Kipimo kilichokuja kukubalika, galoni 42 za Marekani, kilikuwa tayari ni kipimo cha zamani cha Waingereza cha pipa la divai, na galoni ya Marekani yenyewe ni ile galoni ya divai waliyoiacha huko. Kwa hiyo unaposikia kwenye taarifa ya habari kwamba pipa limefika dola kadhaa, mafuta yanapimwa kwa kipimo cha kinywaji. Ukitaka kugeuza bei hiyo iwe ya lita, gawanya kwa 159: pipa likiwa dola 80, lita ya mafuta ghafi ni nusu dola.

Sasa tuache fedha kidogo, tuulize swali ambalo wenye orodha hawaulizi. Ndani ya lita kuna nini?

Lita ya petroli ina nishati ya takriban megajuli 32, yaani karibu kilowati-saa 9, zile zinazoitwa uniti kwenye umeme. Mtu mwenye afya anayefanya kazi ya misuli kutwa, kusukuma, kuchota, kupandisha mizigo, hutoa kama wati 75 kwa wastani, na akifanya hivyo saa nane atakuwa ametoa kilowati-saa 0.6. Injini ya gari ni mfujaji. Robo tatu ya nishati hiyo hupotea kuwa joto. Hata hivyo robo inayobaki ni sawa na kazi ya siku tatu hadi nne ya mtu huyo. Kama huamini, jaribu gari lililozimika njiani. Lisukume mita mia mbili kwenye mwinuko kidogo tu, jasho likutoke, magoti yatetemeke, halafu ukumbuke kwamba lita moja ingelipeleka kilomita kumi na kitu, na abiria ndani, bila mtu kuvua koti.

Soda ya sukari ina nishati chini kidogo ya megajuli 2 kwa lita. Maziwa yasiyoondolewa mafuta yana kama 2.7. Maji hayana kitu. Kwa kipimo hiki lita ya petroli inabeba mara kumi na nane hivi ya soda na mara kumi na mbili ya maziwa. Hapa msomaji mkali ataniuliza nani hunywa soda kwa ajili ya megajuli, na ana haki. Maziwa yana protini, soda ina raha yake, na petroli ukiinywa itakuua. Ndiyo hoja yangu hasa: vitu hivi havina biashara ya kukaa kwenye mizani moja.

Kipo kimoja tu jikoni kinachostahili kupimwa na petroli, nacho huwa hakimo kwenye orodha zile. Mafuta ya kupikia. Lita yake ina megajuli 34 hivi, yaani inalingana na petroli na hata kuizidi kidogo. Nayo ni mafuta, nayo yamekamuliwa, kusafishwa na kusafirishwa kwa meli. Kwenye maonyesho ya dunia ya Paris mwaka 1900, injini ndogo ya dizeli iliwashwa kwa mafuta ya karanga na ikanguruma bila shida, kiasi kwamba Rudolf Diesel mwenyewe alikuja kuandika kwamba mafuta ya mimea huenda siku moja yakawa na umuhimu. Basi simama mbele ya rafu, soma bei ya mafuta ya kupikia, ondoa kodi kwenye bei ya petroli, uzilinganishe. Mara nyingi ya kupikia ndiyo ghali. Mkulima alilipwa kwa msimu mmoja wa jua. Jua lililotengeneza petroli liliwaka mamilioni ya miaka iliyopita na hakuna anayelidai.

Kuhusu jua hilo, mwanasayansi wa Marekani Jeffrey Dukes alipiga hesabu mwaka 2003 akapata kwamba galoni moja ya petroli ilitokana na tani 89 hivi za mimea ya kale. Kwa lita ni zaidi ya tani 23. Mingi iliozea baharini na kwenye matope bila kugeuka chochote. Kilichobaki ni tone. Katika bei ya pampu, tani hizo 23 zimehesabiwa sifuri. Tunalipia kuchimba, kusafisha, kusafirisha, faida na kodi. Kutengeneza, bure.

Turudi kwenye maumivu. Soda ikipanda bei, unakunywa maji, au unanunua mara mbili badala ya tano, au unaacha kabisa na daktari anafurahi. Petroli ikipanda wiki hii, kazini bado ni kulekule, mtoto bado anasoma shule ileile, gari bado lina injini ileile. Utaendesha kwa uangalifu kidogo, utaunganisha safari mbili kuwa moja, lakini mahitaji yako yote hayabadiliki sana. Kubadili gari au kuhama nyumba ni mambo ya miaka. Mwenye soda anajua kwamba akizidisha utamkimbia. Mwenye petroli anajua huna pa kukimbilia.

Halafu kuna bango. Sijui bidhaa nyingine ya nyumbani ambayo bei yake huandikwa kwa tarakimu zenye urefu wa mkono, zikawashwa taa usiku, ili uisome ukiwa katika mwendo. Bei ya mchele haikufuati barabarani. Ndiyo maana mtu asiyejua bei ya chumvi nyumbani kwake anaweza kukutajia ya petroli hadi senti.

Tena mtengenezaji wa vinywaji ana mlango wa nyuma. Gharama zikipanda, anaiacha bei palepale na kupunguza kilichomo: chupa ya 350 inakuwa 300, kitako kinabonyezwa kwa ndani zaidi, na lebo inapata rangi mpya ili usigutuke. Petroli haina kitako cha kubonyeza. Lita ni lita, na wakaguzi wa vipimo hupita kuzijaribu pampu kwa ndoo zao maalumu. Upungufu wowote wa fedha lazima utokee kwenye bango. (Kwa ukweli wote, lita ya petroli nayo hucheza. Ikipata joto inatanuka, kama asilimia 1 kwa kila nyuzi 10, kwa hiyo lita ya mchana wa jua kali ina petroli pungufu kidogo kuliko lita ya alfajiri ya baridi. Tofauti hii ni ndogo na tangi la ardhini huipunguza zaidi, usije ukaamka saa kumi usiku kwa ajili yake.)

Kodi ndiyo inayovuruga kulinganisha kuliko vyote. Mafuta ghafi yana soko la dunia nzima, bei zake hazipishani sana kati ya mnunuzi mmoja na mwingine, lakini bei za pampu hupishana kama mbingu na ardhi. Nchi nyingi za Ulaya huchukua karibu nusu ya bei ya pampu kuwa kodi na ushuru, na wakati mwingine zaidi. Nyingine zinazochimba mafuta zimefanya kinyume, zikilipa ruzuku ili wananchi wapate kwa bei ya kutupa. Venezuela ilikuwa kwa miaka mingi nchi ambako petroli ilikuwa nafuu kuliko maji ya chupa kwa mbali, na hapo hapakuhitajika kugawanya mililita. Serikali ilipopandisha bei Februari 1989, nauli za mabasi zikapanda nayo, na mji mkuu, Caracas, ukalipuka kwa ghasia zilizoitwa Caracazo. Waliouawa walihesabiwa kwa mamia. Walioanzisha ghasia hizo hawakuwa wenye magari. Walikuwa abiria.

Kwa hiyo lita ya petroli hulipiwa hata na asiyewahi kuigusa pampu, na hapa ulinganisho wa soda na petroli unaanza kujila mkia. Chupa ya plastiki ya soda imetengenezwa kwa mafuta ghafi na gesi. Lori lililoileta linakunywa dizeli. Mbolea ya nitrojeni iliyootesha muwa au mahindi ya sukari yake imetengenezwa, sehemu nyingi duniani, kwa gesi asilia. Trekta, boti, jenereta ya duka umeme ukikatika, vyote viko humo. Petroli imo ndani ya soda. Kuzilinganisha ni kama kulinganisha bei ya unga na bei ya mkate kisha kushangaa mkate ni ghali.

Ila petroli iliyo ndani ya soda hupita polepole. Mafuta ghafi yakipanda leo, bango la kituo hubadilika ndani ya siku au wiki, na soda huenda ikangoja miezi, hadi mikataba ya usafiri iishe na katoni za zamani zimalizike. Yakishuka, kila mtu ghafla anakuwa mzito wa kusikia. Wanauchumi husema bei za mafuta hupanda kama roketi na kushuka kama unyoya, na kwenye vyakula unyoya huo mara nyingi haufiki chini kabisa.

Tarehe 20 Aprili 2020 ilionyesha ni kiasi gani cha bei ya pampu ni mafuta yenyewe. Dunia ilikuwa imejifungia ndani kwa sababu ya korona, matangi ya kuhifadhia yalikuwa yanajaa, na mikataba ya kupokea mafuta ghafi ya Marekani mwezi uliofuata ikafunga siku kwa dola 37.63 chini ya sifuri. Aliyekuwa na mkataba alikuwa tayari kukulipa uchukue pipa zima. Hata hivyo hakuna aliyefika kituoni akajaziwa tangi kisha akapewa chenji. Usafishaji, usafiri, mishahara na kodi vilibaki palepale. Mwaka 2008, Julai, pipa lilipopita dola 147, vitu hivyohivyo vilikuwepo pia, vimefunikwa na kelele.

Wako madereva ambao hulinganisha petroli na kinywaji kwa akili, nao wako Brazil. Tangu serikali ya huko ianzishe mpango wa pombe ya miwa mwaka 1975, vituo vyao vimezoea kuuza ethanoli pembeni ya petroli, na magari mengi ya leo hupokea zote mbili. Ethanoli ni ile pombe iliyo kwenye bia na divai, ila bila starehe zake. Lita yake ina megajuli 21 hivi dhidi ya 32 za petroli. Dereva akifika, anasoma bango, anazidisha bei ya petroli kwa 0.7. Ethanoli ikiwa chini ya hapo, anajaza ethanoli. Ikiwa juu, anajaza petroli hata kama ndiyo ghali kwa lita. Anachonunua ni kilomita.

Na nyuma ya pampu hizo mbili kuna kiwanda cha miwa kinachofanya hesabu ya kwake. Juisi ya muwa uleule inaweza kugeuzwa sukari au ethanoli, na mwenye kiwanda hutazama ipi inalipa zaidi msimu huo. Petroli ikipanda, madereva hukimbilia ethanoli, viwanda huelekeza miwa huko, sukari inayosafirishwa nje inapungua. Brazil ndiyo muuzaji mkubwa wa sukari duniani. Miezi michache baadaye, mahali ambako hakuna aliyewahi kuona shamba la miwa, mtu anafungua friji ya duka, anatoa soda ya baridi, na muuza duka anamwambia imeongezeka kidogo.